miR-21 kwenye plazma: majibu hayalingani

Maabara_Kisauni: Salaam wakuu. Twapima miR-21 (maikroRNA, yaani RNA fupi inayodhibiti jeni) kwenye plazma, maji ya damu yasiyo na seli, ya wagonjwa wa saratani ya matiti hapa Mombasa, kwa RT-qPCR, kipimo kinachonakili RNA hadi ionekane. Damu ya mgonjwa mmoja, tyubu mbili: moja yatoa Cq 24 (mizunguko ya kunakili kabla ishara haijaonekana; ikiwa ndogo, RNA ni nyingi), nyingine 28. Tunalinganisha na U6, RNA nyingine ndogo ya seli. Damu nyingine yatoka Likoni, na kivuko kikichelewa hufika baada ya saa nne. Tatizo liko wapi?

BiChembechembe: Angalia kwanza kifuniko cha tyubu. Ya kijani ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo huzuia vimeng'enya vya PCR, Cq ikapanda bure. Tumieni ya zambarau, yenye EDTA, kizuia mgando kingine.

Kubwa zaidi ni seli nyekundu. Zikipasuka humwaga maikroRNA zake, miR-451a na miR-16, kwa wingi, na miR-21 pia huvuja kutoka kwenye seli za damu. Macho hayaoni upasukaji mdogo. Pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, ukipita 0.2, ishuku sampuli, ingawa plazma yenye mafuta nayo hupandisha namba. Kwa hiyo mimi naamini zaidi hesabu hii: Cq ya miR-23a-3p (maikroRNA isiyobadilika seli nyekundu zikipasuka), toa Cq ya miR-451a. Chini ya 5 ni salama, ikizidi 7 tupa.

Msisafirishe damu nzima. Itengwe huko huko Likoni ndani ya saa mbili: zungusha kwenye mashinepewa kwa nguvu ya 1,900 g dakika 10, chota plazma bila kugusa tabaka jeupe la seli nyeupe, kisha 16,000 g dakika 10 kwa nyuzi 4. Mzunguko wa pili ndio unaoondoa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Ukigandisha zikiwa bado zimo, zitapasuka na kumwaga maikroRNA zake.

U6 iacheni. Tieni cel-miR-39 bandia, maikroRNA ya mnyoo isiyopo kwa binadamu, iwe ya kulinganishia, kiasi kile kile, baada ya dawa ya kuvunjia seli. Ikitangulia, RNase za plazma, vimeng'enya vinavyokata RNA, zitaitafuna.

Maabara_Kisauni: Ahsante sana bi. Tukishasafisha hayo, miR-21 ikiwa juu twaweza kumwandikia daktari kuwa ni saratani?

Jeni_Pwani: Hapana, ndugu yangu. miR-21 hubana PTEN na PDCD4, jeni zinazozuia uvimbe, lakini hupanda pia moyo unapojaa makovu. Tena si kila maikroRNA hupanda: katika aina moja ya saratani ya damu, CLL, miR-15a na miR-16-1 hupotea pamoja na kipande cha kromosomu 13. Utambuzi ubaki kwa kipande cha nyama ya uvimbe kinachochunguzwa. Namba zenu zilinganisheni kwa mgonjwa yule yule, kabla na baada ya upasuaji, kwa tyubu na utaratibu ule ule.