Mama anaanza kemo Ocean Road wiki ijayo, nyumbani tuandae nini?

Binti_Manyoni
Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 58, ana saratani ya titi la kushoto. Titi limeshatolewa, kidonda kimekauka, sasa anaanza kemo, yaani dripu ya dawa za saratani, hospitali ya Ocean Road hapa Dar, kila baada ya siku 21. Tumefikia kwa kaka, Mbagala. Daktari alieleza vizuri, ila mama alikuwa analia na mimi nilishika nusu tu. Mliopitia, tuandae nini? Anachoogopa zaidi ni nywele.

Mama_Kihonda
Pole mwanangu, na mama mpe pole. Nilipita hapo hapo, sasa niko kwenye tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, kila siku.

Kabla ya chochote nunueni kipimajoto. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na mara nyingi zinakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Joto likifika 38, hata iwe saa nane za usiku, ni hospitali. Sisi mtu akichemka tunasema malaria, tunakimbilia duka la dawa, anapewa Panadol analala. Kwa mama usithubutu! Joto litashuka huku maambukizi yanaendelea, na kwa mtu wa kemo yanaweza kumwondoa ndani ya saa chache. Mkifika mapokezi neno la kwanza liwe "huyu yuko kwenye kemo". Msikae foleni kimya. Namba ya wadi ibandikeni ukutani, kila mtu wa nyumba hiyo aione.

Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu. Mimi wifi yangu alininyoa uani mapema, halafu tukafunga vilemba wote wawili. Kwangu ilikuwa afadhali kuliko kuamka na kuzikuta kwenye mto. Tumieni mashine, si wembe, asije akachubuka. Zitaota tena, mwambie.

Akipewa ile dawa nyekundu, mkojo nao utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Si damu. Ajue kabla hajaenda chooni.

Chakula ni kidogo kidogo, uji wa ulezi, mayai yaliyoiva sawasawa. Kachumbari ya barabarani muiache kwanza. Mdomo asukutue kwa maji ya chumvi kila akimaliza kula.

Baba_Wawili
Nilimuuguza mke wangu. Naongezea moja: kabla ya kila dripu anapimwa damu, na chembe zikiwa chini wanaahirisha. Mke wangu alilia, akadhani hospitali imemkatia tamaa. Kumbe wanasubiri mwili upate nguvu. Kwa hiyo wekeni akiba ya nauli na siku za ziada hapo Dar. Na wageni wenye mafua waambieni wapige simu tu, hata kama ni mashangazi.

Binti_Manyoni
Asanteni sana, kipimajoto nimenunua leo. Kuna jambo jingine. Jirani ameleta chupa ya dawa ya mizizi, mama anataka anywe sambamba na kemo. Nimkatalie?

Mama_Kihonda
Usigombane naye, na usiimwage kwa siri, maana akigundua hatakuambia tena anachokunywa. Mwombe asiinywe kwanza, chupa mwende nayo kliniki, muulize daktari mama akiwa amekaa hapo hapo. Mizizi mingine inaumiza ini, na ini ndilo linalohangaika na dawa za kemo. Akilisikia kwa daktari mwenyewe litamwingia kuliko likitoka kwako.

Uliza pia kama tezi za kwapani zilitolewa. Mimi zilitolewa, nikaambiwa mkono wa upande ule usichomwe sindano wala kupimwa presha, na nisibebee ndoo. Nesi akija na sindano, mama anyooshe wa kulia. Mvalishe gauni la mikono mifupi na mchukulie khanga mbili, dripu inachukua saa nyingi na baridi inashika.