Tupeane uzoefu: uliyeumia kwenye michezo ya timu bildingi ya kazini, ilikuaje?

Habari za muda huu wakuu. Msimu wa ritriti ndo huu, kila Ijumaa makosta yamejaa barabara ya Bagamoyo, watu na tisheti zao za rangi moja, nikaona nifungue huu uzi mapema. Naomba waliowahi kuumia kwenye hizi bonanza za ofisi waje hapa, mtuambie mlihudumiwaje palepale ufukweni, hela ya matibabu ilitoka wapi na mliporudi kazini mlipokelewaje. Naanza mimi.

Ofisi yetu ilitupeleka Bagamoyo, hoteli ya ufukweni, asubuhi mada ukumbini, mchana pilau, saa tisa tukatangaziwa wote tushuke mchangani na hakuna kukaa kivulini, majina yanaandikwa. Kulikua na kukimbia na magunia, yai kwenye kijiko, kufukuza kuku, mwisho kuvuta kamba, mauzo dhidi ya fedha. Mimi niko mauzo, mwaka mzima nakaa kwenye gari au kwenye kiti, na hakuna aliyetupasha misuli moto, mshereheshaji kapuliza filimbi tukaanza tumbo likiwa bado na pilau. Nimechimbia kisigino kwenye mchanga nimeegemea nyuma, mara nikasikia pa! na teke la nguvu juu kidogo ya kisigino. Nikageuka kwa hasira nimuulize alonipiga, nyuma hakuna mtu, mwenzangu alikua kashateleza kule pembeni. Kukanyaga tena mguu hauna nguvu kabisa, ukiniambia nisimame kwa vidole siwezi.

Wenzangu walinizunguka kwa upendo kabisa, siwalaumu, mmoja akaanza kuuvuta mguu, mwingine akatoa dawa ya kuchua kwenye mkoba nikachuliwa mpaka machozi yakanitoka. Bosi kaja kaangalia, kasema ni msuli umekaza, akipumzika atarudi raundi ya pili. Dereva wa kosta alikua kaenda mjini kula na simu haipatikani. Nikakaa chini ya mvinje mpaka jioni.

Kesho yake daktari Dar kanilaza kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda, akaminya shavu la mguu mzima, unyayo ukacheza wenyewe. Akaminya shavu la mguu ulioumia, unyayo umetulia tuli. Akasema kano ya kisigino imekatika, na ile hisia ya kupigwa teke na mtu asiyekuwepo ndo wagonjwa wake wengi wa tatizo hili wanavyomsimulia. Nikafanyiwa upasuaji, hogo, magongo, mazoezi ya miezi. Kilichoniuma kuliko kano ni barua niliyoikuta kazini, eti siku nilizokosa zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka kwa sababu niliumia "nikicheza". Nilikua nacheza kwa amri jamani! Jina langu liliandikwa na ofisi, kosta ya ofisi, tisheti ya ofisi. Karibuni.

NESI WA ZAMU
Pole sana kaka. Mimi niko hospitali, mwambao huku huku, na wikiendi za bonanza tunawapokea sana watu wa tisheti za rangi moja, vifundo, viwiko, mabega yaliyochomoka. Nawaombeni kitu kimoja kutoka moyoni, mtu akiumia palepale MSIMCHUE. Ndani kuna mishipa imepasuka inavuja, ukichua na dawa ya kuwasha unaongeza damu kumwagika na uvimbe. Mlaze, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, barafu ifungwe kwenye kanga au taulo iwekwe kama dakika 20 kisha itolewe, usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Akishindwa kutembea hata hatua nne, au ukigusa mfupa wa kifundo anapiga kelele, hiyo inataka picha ya eksirei siku hiyo hiyo, sio kusubiri mpaka semina iishe. Na bega lililochomoka msilirudishe wenyewe kwa kuvuta, nimeona watu waliovunjwa mfupa na wenzao kwa nia njema.

MTOTO WA CHUMBAGENI
Sisi ilikua Tanga, Raskazone. Bamvua, maji yamekupwa mbali, tukacheza mpira kwenye mchanga ulioachwa. Mpira ukaingia kwenye maji ya magotini, nikaufata mbio, nikakanyaga kitu laini kinateleza, hapo hapo nikachomwa mguuni. Taa, yule samaki mwenye mwiba wa sumu! Maumivu yale siwezi kuyaelezea, yanapanda mpaka kinenani, jasho linatoka, mtu mzima nalia mbele ya wakurugenzi. Wa ofisini wanapepea tu na tisheti, mmoja anataka anifunge kamba mguu. Kilichoniokoa ni mzee mmoja mvuvi alokua anashona nyavu pale, alinyanyuka hata hakuuliza, akaagiza maji ya moto jikoni hotelini, akayachanganya kwenye ndoo, akaniambia mwanangu tumbukiza. Nilikaa na ule mguu kwenye ndoo wanaongeza maji ya moto kila yakipoa, na maumivu yakaanza kushuka hapo hapo. Akaniambia siku nyingine maji ya mchanga huyapigi hatua, unakokota miguu, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Mpaka leo nikienda Tanga nampelekea sukari na majani ya chai.

NESI WA ZAMU
Huyo mzee Mungu ampe umri. Sumu ya taa inaharibika kwa joto, maji yawe kati ya nyuzi 40 na 45, lakini yapimwe kwanza kwa mguu mzima au kwa mkono wa mtu mwingine maana ulioumia hausikii vizuri utababuka. Na hata maumivu yakiisha nenda hospitali, kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani, na chanjo ya pepopunda ni muhimu.

MAMA WAWILI
Mi sikuvunjika kitu ila nina langu. Nilikua na mimba changa, hata mama yangu mzazi hajui, nikapangiwa kukimbia miguu mitatu, mguu wangu umefungwa na kitambaa na mguu wa kijana wa stoo. Nimesema sijisikii vizuri, meneja akashika kipaza sauti akaniita jina langu lote mbele ya watu, "huyu anatuangusha", watu wanapiga makofi wananihesabia moja mbili tatu. Nikakimbia. Tulianguka, yeye juu yangu. Nikaanza kutokwa damu usiku, nikiwa chumba cha watu wawili na dada wa mapokezi, ndo alikua mtu wa kwanza kujua nina mimba. Mtoto alisimama alhamdulillahi, yuko darasa la kwanza sasa. Daktari aliniambia hawezi kusema damu ile ilitokana na kuanguka, mimba changa hua zinatoka damu kwa sababu nyingi. Sawa. Lakini mtu akisema siwezi asiulizwe kwa nini kwenye kipaza sauti, kuna mwenye presha, kuna mwenye kifua, kuna alotoka kufanyiwa upasuaji, na kuna mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya idara nzima.

MLETA UZI
Dada yangu pole mno, nimesoma nimesimama kwanza. Hili la kipaza sauti liandikwe kwa wino mwekundu.

KIPANGA 
Wakuu tusizidishe, bonanza nzuri jamani, ofisini kwetu watu walikua hawasalimiani mpaka tulipoenda Bagamoyo. Mkizisema sana zitafutwa.

MLETA UZI
Mkuu hakuna anayetaka zifutwe. Hata mimi baada ya ile kamba nina marafiki wa fedha ambao zamani nilikua najuana nao kwenye barua pepe tu. Nachotaka ni wanaozipanga wazichukulie kama kazi, maana zikiendelea vizuri zinaandikwa kwenye ripoti ya kazi, mtu akiumia zinageuka kua mchezo wake binafsi.

MVUTA KAMBA
Mimi nimevuta kamba SHIMIWI (ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali), huu mchezo una adabu yake. Kamba HAIZUNGUSHWI mkononi wala kiunoni hata siku moja (wa mwisho tu ndo anaipitisha mwilini na yeye anafundishwa jinsi). Mwaka 1997 Taiwan, mjini Taipei, walivuta watu wengi mno kamba ikakatika, wanaume wawili mikono ikang'oka. Sio hadithi ya kutishana. Kamba ya nailoni ya kufungia mizigo inanyumbuka, ikikatika inarudi kwa nguvu zote, tafuteni kamba nene ya katani, na Tanga ndo nyumbani kwa mkonge jamani hamuwezi kusema mmekosa. Watu nane kwa nane inatosha, mambo ya idara nzima watu arobaini hapana.

MTU WA UTUMISHI
Mleta uzi, ile barua uliyopewa haikua sawa. Kwanza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofata nusu, na hiyo haigusi likizo ya mwaka. Pili kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri ndo anachangia, wewe hukatwi hata senti, unahusika na ajali inayotokana na kazi na kutokea ukiwa kazini, matibabu yamo, na ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda kuna malipo ya asilimia 70 ya mshahara. Ubishi mkubwa unakua kwenye kuthibitisha kua ulikua kazini. Kwaiyo tunza barua ya mwaliko, ratiba yenye saa ya michezo, orodha ya majina, picha za siku hiyo, na ajali iripotiwe kwa mwajiri kwa maandishi mapema. Madai yana ukomo wa miezi 12 tangu ajali.

MTOTO WA CHUMBAGENI
Sasa mkuu na kama ilikua Jumamosi?

MTU WA UTUMISHI
Jumamosi yenyewe haikutoi. Angalia nani kakupeleka, nani kalipa na kama ulikua na uhuru wa kukataa. "Wote mnatakiwa kuhudhuria" ikiwa kwenye maandishi ni ushahidi wa maana sana, hata kama ni ujumbe wa kwenye grupu la WhatsApp, usiufute.

BINTI WA MAPOKEZI
Nimesoma wote nimeogopa, sisi tunaenda Pangani wiki ijayo na mimi ndo nimepewa kupanga michezo. Nianzie wapi?

MLETA UZI
Mdogo wangu anza na dereva, asiondoke na gari liangalie barabarani, maana Pangani mpaka hospitali kubwa Tanga mjini ni mwendo. Piga simu mapema ujue kituo cha afya cha karibu wikiendi kina picha au hakina. Nunua barafu na bandeji kabla ya zawadi. Wapashe watu misuli, pilau ije baada ya michezo, na watakaotaka kukaa kivulini wawe waamuzi na wahesabu pointi, wape filimbi. Kufukuza kuku ondoa kabisa, huku kwetu ndo ulivunja mkono wa mzee wetu wa masjala. Ukipata ratiba iweke hapa tuikague wote.