Tunafungaje mwaka kwa wanafunzi ambao hawajawahi kukaa darasa moja?

Mwezeshaji, Newala (2 Desemba 2024)

Ndugu zangu, naomba mawazo kwa wale mliowahi kusimamia elimu masafa, hasa mlioko huku kusini ambako mazingira yetu yanafanana.

Mimi ni mmoja wa wawezeshaji wanne katika kituo cha elimu ya sekondari kwa njia mbadala kilichoko juu ya uwanda wa Makonde. Januari mwaka huu tulipokea wanafunzi 41. Wengi wao ni wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito na vijana walioacha shule wakaingia kwenye bodaboda, na wamo pia akina mama watatu waliomaliza darasa la saba miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa vijiji vyao vimetawanyika na nauli ni mzigo, tulikubaliana kwamba tukutane ana kwa ana Jumamosi moja tu kila mwezi, kila kundi na Jumamosi yake, na siku nyingine zote wasome wakiwa nyumbani. Wenye simu janja tuliwatumia masomo kwa ujumbe wa sauti. Wenye vitochi, yaani simu ndogo za vitufe, tuliwawekea sauti hizohizo kwenye memori kadi, na kila mwezi masomo mapya tuliyaacha kwa kijana wa duka la simu pale sokoni, ambaye huwajazia bila malipo. Juu ya hayo, kila mmoja alipewa vijitabu vya kurudufu, kwa sababu mtihani wenyewe ni wa Kiingereza na maelezo yetu mengi ya sauti ni ya Kiswahili.

Mpango huu ulipimwa mwezi wa Mei. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa na karatasi tulizokuwa tumeagiza zikakwama njiani. Kabla hatujapumua, tarehe 12 Mei nyaya za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zilikatika, na kundi letu la WhatsApp likanyamaza kwa siku kadhaa. Waliokuwa na kadi waliendelea kusoma kama kawaida, na tangu hapo hata wenye simu janja walianza kudai kadi.

Sasa mwaka unakwisha. Waliosajiliwa kwa Mtihani wa Maarifa, ule wa kumwezesha aliye nje ya shule kufanya mtihani wa kidato cha nne, waliufanya Novemba na wanasubiri matokeo mwakani. Kamati ya kituo imegawanyika. Upande mmoja unataka mahafali kama ya shule nyingine, yaani hema, muziki, keki, fulana na mgeni rasmi, kwa mchango wa shilingi 15,000 kwa kila mzazi, kwa hoja kwamba huu ni msimu wa korosho na watu wana fedha. Upande wa pili, ambao na mimi nimo, hauoni cha kusherehekea. Wanafunzi wetu walio wengi wanajuana kwa sauti tu. Isitoshe, kati ya wale 41, wanaoendelea kujibu maswali na kuhudhuria ni 26. Watu 15 wametupotea bila sisi kujua hata mwezi walioacha kusikiliza. Darasani dawati tupu huonekana asubuhi hiyohiyo, lakini kadi iliyowekwa chini ya godoro haionekani na mtu.

Naomba mnishauri tufunge mwaka kwa namna gani, na hao 15 tuwafanyeje.

Mwalimu wa sekondari, Lindi (2 Desemba 2024)

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera kwa pamoja.

Nitakueleza kosa tulilolifanya sisi, ili usilirudie. Tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kwamba shule zote kuanzia za awali hadi kidato cha sita zifungwe kwa siku 30, wanafunzi wetu wa bweni waliondoka na mabegi ya mkononi, wakiacha madaftari kwenye madawati kwa kuamini kwamba watarudi mwezi ujao. Siku hizo 30 ziliongezwa. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni na wengine wote tarehe 29 Juni. Katikati hapo kulikuwa na vipindi vya redio na runinga vilivyoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na sisi walimu tulijipa moyo kwamba watoto wanavifuata.

Waliporudi, tulifungua kitabu pale tulipoishia Machi. Hakuna mwalimu hata mmoja katika idara yangu aliyemkalisha mwanafunzi chini na kumuuliza kama nyumbani kwao kuna redio, kama alipata nafasi ya kuisikiliza au alikuwa shambani, na kama kuna mada aliyoielewa. Tulikuja kugundua kwenye majaribio ya Septemba kwamba tulikuwa na madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Na hiyo ilikuwa miezi mitatu na ushee tu. Nikiwafikiria wenzetu wa Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, huwa najiuliza walimu wao walianzia wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mwaka ufungwe kwa mahojiano. Kila mwanafunzi apewe dakika kumi na mwezeshaji mmoja, aje na daftari lake, aeleze amefika mada gani katika kila somo, alikuwa anasoma saa ngapi, kwa chombo gani, na nani nyumbani alimsaidia au alimzuia. Yaandikeni hayo kwenye daftari moja litakalobaki kituoni, kwa sababu huenda Januari akaja mwezeshaji mwingine kabisa. Katika mahojiano hayohayo, kila anayekusudia kufanya mtihani mwakani aelezwe mapema habari ya usajili. Usajili wa Baraza la Mitihani hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hutozwa faini, na nimeona watahiniwa wa kujitegemea wakipoteza mwaka mzima kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu keki nakuunga mkono. Haina haraka.

Mzazi, Tandahimba (3 Desemba 2024)

Walimu wangu, shikamooni. Nimesoma yote mawili kwa makini na nina jambo ambalo naona mmelipita.

Binti yangu aliacha shule mwaka 2022 akiwa kidato cha pili, kwa sababu ya ujauzito. Waraka wa serikali wa Novemba 2021 ulikuwa umekwisha kumruhusu kurudi baada ya kujifungua, na shule yake ilikuwa tayari kumpokea, lakini ni mwendo wa saa mbili kwa miguu na mtoto alikuwa ananyonya. Ndipo tukasikia habari za kituo kama chenu na nikamwandikisha. Nimemwona mwaka mzima akitwanga na kuosha vyombo huku kitochi kimewekwa juu ya dirisha kikimweleza habari za usanisinuru. Usiku mtoto akilala, anaandika.

Sasa nisikilizeni. Jirani zetu wanadhani anasikiliza redio. Hana sare, haondoki asubuhi na begi, hakuna kengele na hakuna ripoti inayoletwa nyumbani. Kwa macho ya kijiji, binti yangu hasomi, ni mama tu aliyekaa kwao. Mama mkwe wangu mwenyewe alikuwa akimwambia azime hicho kitu aje asaidie kazi. Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyesimama akalitaja jina lake mbele ya watu kwamba huyu ni mwanafunzi. Mwalimu anaposema haoni cha kusherehekea kwa sababu 15 wamepotea, mimi namwona anawaadhibu wale 26 kwa kosa ambalo si lao.

Kwa hiyo muwaite watu. Waiteni wazazi, viongozi wa vijiji na hao mama wakwe. Fulana sitaki, na ile 15,000 ni kubwa. Msidhani kila mtu wa huku ana mikorosho, mimi ni fundi baiskeli, na hata mwenye mikorosho hupita mnadani kwanza, kisha akasubiri fedha iingie benki, na siku inapoingia tayari ina wenyewe. Pikeni ming'oko na chai. Inatosha.

Halafu kuhusu waliopotea, waulizeni wanafunzi wenyewe. Kwenye kituo chake, binti yangu anawajua wawili walioacha: mmoja yuko Mtwara mjini anafanya kazi za ndani, mwingine simu yake iliuzwa na kaka yake. Walimu hawakuwa na habari kwa sababu waliuliza kwenye WhatsApp, na hao hawapo kwenye WhatsApp.

Mstaafu wa elimu ya watu wazima, Masasi (4 Desemba 2024)

Mzazi wa Tandahimba, marahaba kwa upande wangu, kwa kuwa na mimi nilikuwa mwalimu. Umesema jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa.

Vijana wengi hudhani kusoma kwa mbali kumeanza na simu. Mwaka 1973, nikiwa na miaka 19, niliongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 tulikusanyika chini ya mwembe, kipindi kikarushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, nami nikasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha tukajadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Mwalimu alikuwa studio, mamia ya kilomita kutoka kwetu, na betri zilikuwa za kuchangishana.

Lakini tofauti na kadi za Newala, sisi tulikuwa tunasikiliza pamoja. Kila baada ya kipindi tuliulizana kijijini petu tutafanya nini, na jibu likawa ni kuchimba vyoo. Kampeni ilipokwisha, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kikundi chetu kilikuwa kinasoma, kwa kuwa mashimo yalionekana kuanzia barabarani. (Marehemu baba alichimba lake mwisho kabisa, kwa hasira, baada ya mama kumcheka.)

Ndiyo maana nashauri kwamba siku hiyo ya kufunga, wanafunzi wenyewe wafundishe. Mmoja aeleze kwa dakika tano jambo alilojifunza kwenye baiolojia, mwingine akokotoe hesabu ya riba ya mkopo mbele ya wazazi. Mgeni rasmi asiwepo, kwa sababu ataongea saa nzima. Na mahojiano ya Mwalimu wa Lindi yafanyike siku iliyotangulia, wala si baada ya ngoma, maana hapo hamtampata mtu.

Mkazi wa Nachingwea (4 Desemba 2024)

Nyongeza fupi. Angalieni tarehe. Desemba shule zikifungwa, familia nyingi huku huingia kwenye shughuli za jando na unyago, na mkichelewa mtakuta wasichana na mama zao wako huko. Pia kusanyeni kadi kabla ya chakula, si baada yake.

Mwezeshaji, Newala (16 Desemba 2024)

Nawashukuru nyote. Mzazi wa Tandahimba, nakiri kwamba ulinikosoa mahali panapostahili, na ujumbe wako niliusoma kwa sauti kwenye kikao cha kamati. Mabishano yaliishia hapo, ingawa mweka hazina alisikitikia fulana.

Tulifanya mahojiano Ijumaa ya tarehe 13 na mkutano wenyewe Jumamosi. Dakika kumi hazikutosha, tulikwenda karibu nusu saa kwa kila mmoja na tukamaliza kwa taa. Tumejua mambo mengi ambayo yangetufaa Februari. Kwa mfano, wanafunzi saba walikuwa wakiruka masomo ya hesabu kwa sababu tulisoma milinganyo kwa sauti bila kuwataja ukurasa wa kijitabu, nao wakaona aibu kusema. Masomo hayo tutayarekodi upya.

Jumamosi walikuja wanafunzi 31 pamoja na wazazi, bibi kadhaa na watoto wasiohesabika. Tuliwaita mmoja mmoja kwa jina na kijiji. Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea mapema kabisa: kijana mmoja wa bodaboda aliposimama kujitambulisha, dada aliyekaa mbele aligeuka ghafla na kusema, "Kumbe ndiyo wewe!" Walikuwa wakijibizana maswali ya historia kwa ujumbe wa sauti tangu Machi. Baada ya hapo watu walianza kutafutana kwa sauti, na ratiba yetu ikavurugika kwa muda ambao hatukuona sababu ya kuufupisha.

Kuhusu wale 15, tuliwauliza wanafunzi kama tulivyoshauriwa. Watano walikuja wenyewe siku hiyo baada ya wenzao kuwafuata. Wanne tumejua waliko, na mmoja wao, aliyeko Mtwara mjini, tunamtafutia kituo cha huko. Wawili wamesema wazi kwamba hawataendelea. Wanne waliobaki bado tunawatafuta.

Kadi nazo zimerudi, zote isipokuwa sita. Mbili zimejaa singeli tupu. Moja ni ya binti ambaye ni kati ya wale wanne tunaowatafuta bado. Hajajibu swali wala kuhudhuria tangu Julai, na kadi yake ililetwa na mdogo wake, aliyeikabidhi na kuondoka kabla sijamuuliza lolote. Nilipoifungua nilikuta masomo yote, kuanzia ya Januari hadi ya mwisho tuliyoyaacha dukani Oktoba. Nimemuuliza kijana wa duka, naye amesema kwamba kila mwezi kadi hiyo ililetwa na mtoto huyohuyo, ikajazwa, ikarudishwa nyumbani.

Keshokutwa naenda kijijini kwao. Nimeweka fomu za usajili kwenye mkoba.