Namba tatu wa akiba wa hela ya kawaida tunampata wapi? Dirisha dogo ndo hili

Mgosi_Barabara_ya_Nane

Wadau salaam. Naenda moja kwa moja maana bando lenyewe la kuungaunga. Nipo kamati ya usajili ya timu moja ya hapa Tanga, tuko Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu, jina naliacha maana mwenyekiti nae ni mtu wa kupita pita humu. Tatizo letu ni beki wa kushoto, yaani namba tatu. Tunae mmoja tu, mzuri hamna ubishi, ila ana kadi mbili za njano na nyama za paja zinamkamata kila tukisafiri, juzi tumerudi toka kusini na basi kashuka stendi anatembea kama bibi harusi kaazimwa viatu. Asipokuwepo kocha anampeleka kule beki wa kulia, mguu wake wa kushoto ni wa kupandia ngazi tu, kila akipokea mpira lazima auvute ndani aurudishe kulia, na wapinzani washajua, wanamsubiri palepale.

Hela tuliyonayo ni milioni 3 ya usajili, mshahara usizidi laki 4 na nusu, chumba tunampa. Kamati imegawanyika, kuna wanaotaka mtu mwenye jina aliyewahi kucheza Ligi Kuu na kuna sisi tunaotaka kijana. Mawakala nao wananitumia klipu usiku wa manane, jamaa mmoja kaletwa kama Roberto Carlos, yule beki wa kushoto wa Brazil, kuangalia vizuri dakika zote tatu ni mechi ileile moja, jezi ileile, mpaka yule mbuzi nyuma ya goli ni yuleyule.

Tupo nafasi ya tano, mnajua wawili wa juu wanapanda na wa tatu na wa nne wanaenda mchujo, kwa hiyo sio kwamba tunacheza tu. Dirisha la usajili linafungwa Januari. Nyie mngetafuta wapi? Au kwa hela hii tunaota? Nawasilisha.

Chumvi_ya_Pangani

Pole mgosi. Mguu wa kushoto bongo ni kama nguru bahari ikichafuka, bei anapanga mwenye nae 😂

Mimi naona mkopo. Timu za Ligi Kuu zina vijana wa U20 (chini ya miaka 20) wamemaliza umri, timu ya wakubwa hawapati nafasi, wapo tu wanabeba koni mazoezini. Nenda na barua, omba miezi sita, mshahara gawaneni nusu kwa nusu, hiyo milioni 3 ibaki mfukoni. Ila kila kitu kiandikwe, nani analipa nini na tarehe ngapi, maana mkopo wa maneno ya simu ndo ule mchezaji anafika Tanga mwezi wa pili unaisha kila upande unamwambia kaulize kule. Na uliza mapema mkipangwa na hao wenye mali Kombe la FA atacheza au atakaa jukwaani na sisi.

Jukwaa_la_Juani

Vijana vijana vijana. Nyie hamkumbuki 2016? Timu zetu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo, zote tatu zilishuka msimu mmoja, mkoa mzima ukabaki hauna timu Ligi Kuu mpaka Coastal waliporudi 2018. Mimi nilikuwepo uwanjani Mkwakwani nikala jua mpaka mwisho, vipaji vilikuwepo, walichokosa ni watu wa kutulia dakika ya 80 mkiwa mnaongoza moja bila.

Halafu kuwa wa akiba ni kazi ambayo kijana haiwezi. Kijana ukimuweka benchi mechi nne ananuna, ya tano unamwingiza anataka kumaliza hasira zote kwa dakika kumi, kadi nyekundu. Chukua mzee wa miaka 30, mkataba umeisha, hana timu, hamlipi klabu yoyote kumtoa. Anajua kukaa, anajua kupasha, anajua leo sio siku yake.

Chumvi_ya_Pangani

Shekhe wa jukwaani na goti lake je? Msimu ule timu yetu ya mtaani ilichukua mzee wa namna hiyo, jina kubwa, tumempokea na ngoma. Mazoezini alikuwa anavaa suruali ndefu ya joto kila siku, Tanga hii, Desemba hii. Hatukujiuliza. Mechi ya kwanza dakika ya 40 kageuka kidogo tu goti hilo, kumbe alikuwa anaficha bandeji. Hela imeenda.

Bint_Makorora

Kaka zangu mnabishana umri, hamjamuuliza hata mwenye mada kocha wake anacheza vipi. Kama namba tatu wake anapanda mpaka kibendera, mzee wa miaka 30 atapanda mara mbili ya tatu anaomba maji.

Kwa hela hiyo msinunue mtu, geuzeni mtu. Hamna winga wa kushoto hapo kikosini ambae hapati namba? Alphonso Davies alifika Bayern winga, mabeki wakaumia 2019 wakamrudisha nyuma, mwaka uliofuata kabeba kombe la Ulaya akiwa namba tatu. Man City 2017 walimnunua beki wa kushoto Mendy kwa zaidi ya pauni milioni 50, Septemba goti likakatika, nafasi ikazibwa na Fabian Delph ambae ni kiungo, na msimu ule walimaliza na pointi 100. Hapa kwetu Kibabage wa Yanga, wakati beki wa kushoto Lomalisa yupo, alikuwa anaingia beki na anaingia winga, mtu mmoja umepata akiba wa nafasi mbili. Wa hivyo hata anaekaa benchi hanuni sana maana milango ya kuingilia ni miwili.

Tatizo la kumgeuza winga ni moja, mpira ukipotea anasimama kuangalia. Ukienda kumtazama mchezaji usiangalie krosi, krosi hata mimi napiga. Timu yake ikipoteza mpira mtazame yeye peke yake, hesabu hatua anazotembea kabla hajaanza kukimbia. Zikizidi tatu rudi nyumbani.

Kocha_wa_Mchangani

Bint kaongea. Mimi naongezea kitu nimekiona kwa macho. Kuna dogo Muheza, timu ya ndondo, jina nakutumia pembeni. Kushoto tupu. Kiatu kimoja kimefungwa kamba ya katani maana soli imeachia, lakini mpira wa kurusha anaufikisha kwenye kisanduku cha goli, hiyo kwenye ligi yenu ya viwanja vibovu ni kona ya bure. Kuna winga mmoja alimpiga chenga mbili mfululizo kipindi cha kwanza, nilidhani atatolewa, kipindi cha pili dogo akawa anampa mguu wa nje tu, winga akahama upande mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha hiyo.

Robertson, beki wa kushoto mliyemuona Liverpool, mwaka 2013 alikuwa Queen's Park timu ya ridhaa, 2017 kanunuliwa toka Hull iliyoshuka daraja kwa pauni milioni 8, kakaa benchi mpaka Moreno wa namba hiyohiyo alipoumia Desemba. Namba tatu wa bei rahisi wapo, wanataka mtu wa kwenda kukaa juani. Na mkimlea akaja kuuzwa nyie ndo mnakula, kama Coastal walivyompeleka beki wao Mwamnyeto Yanga 2020.

Ila msije mkaishia kushangilia karatasi. Vyeti na picha vipandishwe kwenye mfumo wa usajili wa FIFA Connect mapema, msisubiri usiku wa mwisho mtandao unazunguka tu na nyie mnazunguka nao.

Mgosi_Barabara_ya_Nane

Nimerudi wadau. Jumamosi nilipanda daladala mpaka Muheza. Nilifanya alivyosema Bint, sikuangalia krosi hata moja. Hatua mbili, wakati mwingine moja. Kwenye mpira wa kurusha kocha hakutia chumvi.

Wiki nzima anapakia machungwa kwenye malori, sasa nimeelewa ile mikono. Milioni 3 alivyoisikia akacheka akidhani natania. Basi nikadhani tumemaliza, akanipeleka kwao. Mama yake kanikaribisha vizuri, chai na mihogo, kasikiliza yote, chumba, mshahara, kupanda daraja. Halafu kaniuliza, "Baba, akivunjika kwenye mpira wenu, anatibiwa na nani, na hapa anarudishwa na nani?"

Nilikuwa na kikombe mdomoni nikakiacha hapohapo. Mkataba wetu tunaotumia ni kurasa mbili, matibabu yametajwa mstari mmoja, "klabu itasaidia inapobidi". Nimemwambia nitarudi Alhamisi. Mwenye mfano wa kipengele kizuri anisaidie, na mwenyekiti kama unasoma, nipigie.

Bint_Makorora

"Inapobidi" futa. Andika jeraha lolote la mechi au mazoezi klabu inatibu mpaka apone, mshahara unaendelea mpaka siku ya mwisho ya mkataba, bima ikatwe kabla hajasaini. Chapa nakala tatu, ya tatu mpe mama mkononi.