Naomba ushauri: programu ya kufundisha lugha kwa michezo, nitumie nyota au ngazi?

Mchongaji:
Ndugu wanajamvi, natengeneza programu ya simu ya kufundishia Kiswahili, na nataka iwe na mpangilio thabiti wa masomo lakini ichezeke. Jambo moja linaninyima usingizi: je, nimpe mwanafunzi nyota kwa kila jibu sahihi, au nimfungulie ngazi mpya pale tu anapoimudu iliyotangulia? Muda umenibana, tafadhali nisaidieni.

Bi Shadda:
Mkuu, kabla ya nyota, shughulikia marudio. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau upesi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaeleza mbinu ya visanduku vya kadi za maswali: kadi uliyoijua husogea mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, na uliyoikosa hurudi kisanduku cha kwanza. Jenga mchezo wako juu ya msingi huo.

Mzee wa Kamusi:
Mimi nilijifunza Kifaransa ukubwani, nikikariri minyambuliko ya vitenzi usiku baada ya kazi. Hakuna aliyenipa nyota, na hadi leo nasoma magazeti ya Kifaransa bila msaada. Anayesoma kwa ajili ya zawadi ataacha siku zawadi zitakapokoma. Wafundisheni watu nidhamu kwanza.

Fundi Ngeli:
Mzee wangu, nidhamu ni jambo jema, ila bado hatujui anayefundishwa ni nani. Mtu mzima unaweza kumweleza kanuni ya upatanisho wa ngeli akaielewa. Mtoto ataipata kwa kusikia mara nyingi kwamba kitabu kimeanguka na vitabu vimeanguka. Mchongaji, wanafunzi wako ni akina nani?

Mchongaji:
Ni watu wanaoanza kabisa.

Fundi Ngeli:
Wa umri gani?

Mchongaji:
Ni watoto wa miaka 5 hadi 6, na wengi wao hawajajua kusoma. Sikulitaja kwa sababu swali langu lilihusu nyota. Mazoezi yote ni ya maandishi: sentensi inatokea na picha yake, kisha mtoto anachagua neno linalokosekana kati ya manne. Naamini yatawahimiza wajue kusoma pia. Isitoshe, mchoraji ameshalipwa, siwezi kuanza upya.

Bi Shadda:
Hapo unamtwisha mtoto mizigo miwili kwa wakati mmoja, lugha asiyoijua na herufi asizozijua, halafu hutaweza kutambua ni upi uliomshinda.

Kaka Makini:
Mniwie radhi, lakini naona kisa hiki kimetungwa. Mtu aliyewaandalia wasiojua kusoma mazoezi ya kusoma angeligundua tatizo mara tu alipompa mtoto mmoja simu. Pengine hili ni zoezi la chuo, au ni tangazo linalokuja taratibu.

Mzee wa Kamusi:
Hata mimi nilitilia shaka alipokwepa swali la umri.

Bi Shadda:
Ingekuwa tangazo, tungeshaambiwa jina la programu.

Mchongaji:
Sijatunga chochote. Watoto wa dada yangu waliijaribu, wakafurahi na kukusanya nyota nyingi, ndiyo maana sikuona tatizo. Walibonyeza maneno yote manne, moja baada ya jingine, hadi nyota ikatokea.

Fundi Ngeli:
Mimi namwamini, kwa kuwa ndivyo watoto wanavyofanya. Na hapo swali lake la kwanza limejibiwa: nyota zake zinalipa kubonyeza, hazilipi kuelewa, na hata ngazi zingefunguka kwa njia hiyohiyo. Mchongaji, anza na sauti ya mtu halisi. Mtoto asikie "weka vitabu viwili mezani", kisha asogeze picha mwenyewe. Kitendo hicho hakibahatishwi kirahisi kama kuchagua neno moja kati ya manne. Nyota itolewe kwa jaribio la kwanza tu. Akikosea, asiadhibiwe, aonyeshwe kitendo sahihi, na sentensi hiyo irudi baada ya nyingine chache, kama Bi Shadda alivyoshauri. Ngazi ya vitabu na viti isifunguke mpaka atofautishe kimoja na vingi kwa kusikia. Picha ulizolipia zote zitatumika.

Mchongaji:
Picha nitazitumia, na sauti nitarekodi. Maandishi, hata hivyo, sitayaondoa. Yatabaki chini ya picha kwa ajili ya wanaoanza kusoma.

Fundi Ngeli:
Yabaki, mradi asiyeweza kuyasoma aweze kumaliza somo zima.