Mrejesho: ile skuta ya umeme ya mama, leseni haihitajiki

Wakuu, niliuliza hapa kama mama (yuko Uingereza, magoti yamegoma) anaruhusiwa kuingia barabarani na skuta ya umeme ya walemavu, maana jirani alishamtisha eti bila leseni polisi watamkamata. Walionijibu shukrani sana, nimefuatilia.

Leseni ya udereva haihitajiki kabisa. Ila skuta hizi zina madaraja (yaani class), daraja la 2 ni ya kwenye njia ya waenda kwa miguu tu, mwisho maili 4 kwa saa, barabarani unaingia pale pasipo na njia hiyo au unapovuka. Ya mama ni daraja la 3, hii inaingia barabarani mpaka maili 8 ila lazima isajiliwe DVLA (wakala wa serikali wa leseni na usajili wa magari), kodi ya gari halipi hata senti. Bima sheria haimlazimishi lakini tumemkatia, madereva wa huku nao sio malaika.

Nimeikagua mwenyewe, ina taa, indiketa, honi, saiti mira na kiswichi cha kobe na sungura pale kwenye usukani, akipanda njia ya miguu anaweka kobe inarudi maili 4. Motowei marufuku, leni ya baiskeli marufuku, na leni ya basi hivyo hivyo.

Jirani nimemwonyesha sheria, kanyamaza. Sasa mama shida yake ni wanaopaki magari juu ya njia ya miguu, anawapigia honi mpaka watoke ndani 😂