Goti la bi mkubwa "limesagika" gredi ya 3, tuchome sindano au tutulie kwanza?

MjukuuWaKilosa
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu ana sitini na kitu, mwalimu mstaafu, yupo Moro, magoti yanamsumbua muda sasa ila la kulia ndo limezidi, kushuka ngazi kazi, akikaa mkekani kuinuka mpaka ashike ukuta. Tumempeleka hospitali moja ya binafsi wakampiga eksirei, ripoti inasema ositioathraitisi (kusagika kwa goti) gredi ya 3, daktari akasema mafuta ya goti yameisha tuanze sindano, tena za mfululizo na bei yake si ya kitoto. Hapo hapo kuna dada wa kanisani anamuuzia makopo ya gulukosamini, vile virutubisho vya viungo, na shangazi anasema hayo yote tuache anywe maji ya bamia. Naomba mwenye uelewa, tafiti zenyewe zinasemaje? Na gredi 3 ndo anaelekea kuwekewa goti la bandia?

Mzee wa Bandeji
Kijana pole kwa mama. Nimefanya fizio miaka mingi, nianze na hiyo gredi maana ndo inawatisha watu. Ni kipimo cha Kellgren na Lawrence cha mwaka 1957, kinaanzia 0 mpaka 4, wanaangalia nafasi kati ya mfupa na mfupa imebaki kiasi gani na kama kuna vimeno vya mfupa vimeota pembeni. Basi. Maumivu hayamo humo. Nimeona wa gredi 4 anapanda daladala mwenyewe na wa gredi 2 analia usiku. Hata MRI hivyo hivyo, kuna utafiti wa mji wa Framingham Marekani ulitoka 2008, kati ya waliokutwa na mchaniko kwenye meniskasi (kipande laini kinachokaa kati ya mifupa ya goti) asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala kukakamaa kwa goti mwezi mzima uliopita. Ndo maana mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema mtu akiwa na miaka 45 kwenda juu, goti linauma akilitumia, na asubuhi halikakamai au halizidi nusu saa, hapo kwa kawaida hakuna haja ya picha kujua ni nini.

Swali kwako: goti linavimba na kuwa la moto? Asubuhi linakakamaa saa nzima na zaidi? Kama ndiyo rudini mkachunguze baridi yabisi au gauti, hayo ni mambo mengine kabisa.

Na hiyo ya mafuta kuisha, goti si gari mkuu ukamwagie oili. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, linalika kweli, ila mfupa wa chini yake nao unabadilika, ngozi laini ya ndani inapata uvimbe, misuli ya paja inalegea, na uzito, umri, kuumia zamani na kurithi vyote vina mkono humo.

MjukuuWaKilosa
Asante mzee, halivimbi sana na asubuhi dakika chache tu linaachia. Uzito anao kidogo, sitaki kusema zaidi asije akasoma 😅

Bamia_na_Kongoro
Hizo tafiti za wazungu wekeni pembeni, mama mkwe wangu alikuwa haendi hata chooni bila fimbo, kanywa bamia na supu ya kongoro sasa hivi anaenda shamba. Mtu umeona kwa macho utabishiwaje

Daftari la Kijani
@Bamia_na_Kongoro hakuna anayebisha kwamba mama mkwe kapata nafuu, ila hili gonjwa lina tabia ya kupanda na kushuka lenyewe, na mtu huwa anaanza dawa siku limepanda. Soma hii: Houston 2002, Moseley na wenzake walichukua wagonjwa 180 wa goti, wengine wakasafishwa goti kwa kamera, wengine wakachanwa ngozi tu wakashonwa bila kuguswa ndani, na wagonjwa hawajui nani kafanyiwa nini. Miaka miwili ya kufuatilia, waliosafishwa hawakuwashinda waliochanwa ngozi tu. Sasa kama operesheni ya kuzugia inaleta nafuu kiasi hicho, bamia itashindwaje?

Gulukosamini ni hadithi ile ile. Utafiti wa GAIT wa Marekani 2006, watu 1,583, waliopewa kidonge cha kuzugia asilimia 60 walipata nafuu, wa gulukosamini 64, tofauti hiyo kitakwimu si kitu. Dada wa kanisani atakwambia wenye maumivu makali waliochanganya na kondroitini (kirutubisho kingine cha viungo) walifaidi, ni kweli lilionekana kwenye kikundi kidogo, ila walipofuatiliwa miaka miwili hakikuonekana cha maana. Hela ya makopo mnunulieni mama raba nzuri za kutembelea.

MjukuuWaKilosa
Na sindano je? Ndo wanatusukuma nazo

Daftari la Kijani
Uliza kwanza ni sindano ya nini. Kama ni steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) inatuliza kwa wiki kadhaa, haina ubaya mama akiwa na safari au limemzidia, ila kuchoma kila miezi mitatu kwa miaka miwili walijaribu (matokeo yalitoka 2017, watu 140), maumivu yakawa sawa na waliochomwa maji ya chumvi na gegedu likapungua zaidi. Kama ni ile ya damu yake mwenyewe inazungushwa kwenye mashine, Australia 2021, watu 288, nayo haikuyashinda maji ya chumvi.

Tumaini wa Mbezi
Mama yangu kawekewa goti la bandia na anashukuru, ila msikurupuke. Kuna utafiti wa Denmark 2015, watu 100, nusu walibadilishiwa goti halafu mazoezi, nusu mazoezi na tiba za kawaida tu. Waliobadilishiwa walipata nafuu kubwa zaidi, hilo lisifichwe, ila matatizo makubwa ya kiafya yakawa mengi kwao, 24 kwa 6, na wale wengine robo tu ndo waliishia kufanyiwa ndani ya mwaka. Kwahiyo operesheni ipo, haikimbii.

Mzee wa Bandeji
Hapo umenena. Uzito: Messier na wenzake 2005 walipima, kila kilo anayopungua goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Kwa maumivu aanze na dawa ya kupaka ya diklofenaki kabla ya vidonge, hasa kama ana presha, figo au vidonda vya tumbo, na amuulize daktari wake.

Mazoezi: akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mbele mpaka goti linyooke, ahesabu tano, ashushe taratibu. Akizoea ainuke kwenye kiti na kukaa bila kushika. Maumivu kidogo wakati wa zoezi ni kawaida, ila yakiwa bado yamepanda kesho yake asubuhi apunguze idadi, asiache. Ajipe miezi miwili mitatu ya mazoezi ndo aamue. Na choo cha kuchuchumaa muwekeeni kiti.

MjukuuWaKilosa
Choo sikuwa nimekiwaza kabisa, fundi naongea naye kesho. Sindano nimeshawaambia wasubiri. Mzee nikupm picha ya ripoti?

Mzee wa Bandeji
Ripoti sina haja nayo, nirekodie video akiinuka kwenye kiti.